Makala Chini ya Mawe ya Mpaka

Nilipokuwa mtoto, nilijua kilichozikwa chini ya mawe mawili yaliyotenga uwanja wetu na uwanja wa Mama Neema, kwa sababu nilikuwepo siku ya kuzika. Watoto wengine wa mtaa wetu hapa Bunia walidhani kuna mtu chini yake. Wengine walisema ni kichwa cha mbuzi. Mimi nilijua ni makala, yaani makaa ya kupikia, karai moja ya makala iliyogawanywa mashimo mawili, pamoja na vigae vya chungu. Na nilijua kwamba hakuna mkono uliotakiwa kuyagusa tena.

Papa alikuwa mtu wa mnyororo. Jeometre, mpimaji wa ofisi ya ardhi, alikuwa na chombo chake cha miguu mitatu na karatasi zake, lakini hakuweza kupima peke yake. Alihitaji mtu wa kushika ncha ya pili ya ule mnyororo wa chuma wa mita ishirini, auvute mpaka ukaze, asisogee, asimpendelee mtu. Anayeshika mnyororo akitaka kuiba ardhi, haibi kwa panga. Analegeza tu mkono kidogo wakati jeometre ameinamia karatasi. Papa hakulegeza. Watu waliogombania mashamba walikuwa wakienda ofisini kusema, leteni jeometre yeyote, lakini mnyororo ashike Papa Bahati. Bahati ni mimi, mtoto wake wa kwanza. Papa hakuwa na diploma wala ng'ombe. Alikuwa na jina hilo, na ndilo lililotulisha.

Ugomvi wetu na Mama Neema ulikuwa mdogo. Alikuwa mjane; mume wake alifunikwa na udongo katika mashimo ya dhahabu ya Nizi, akamwachia watoto watatu na parcelle, yaani kiwanja, iliyopakana na yetu. Aliuza samaki wa kukausha kutoka Tchomia, nguo zake zilinuka moshi na chumvi, na alicheka kwa sauti iliyofika barabarani. Kati ya nyumba zetu kulikuwa na ukanda wa ardhi, upana wa hatua tatu, ambao Mama alipanda mchicha na Mama Neema akaanika samaki juu ya mchicha huo. Wakazozana wiki mbili. Papa akasema basi, tuite ofisi, tumalize kabla watoto hawajarithi maneno yetu.

Siku ya kupima, Papa alikataa kushika mnyororo. Alisema hawezi kuvuta mnyororo kwenye ardhi yake mwenyewe. Alileta mwenzake wa kazi, yeye akasimama pembeni, mikono nyuma, kama mtu aliye kanisani. Jeometre akasimika mafimbo yake yenye rangi nyekundu na nyeupe, akachungulia, akaandika, na mashimo mawili yakachimbwa: moja upande wa barabara, moja nyuma karibu na vyoo. Mstari unahitaji ncha mbili tu, Papa alinieleza. Ukijua ncha mbili, hata nyasi zikiota, hata nyumba ikianguka, utauchora tena.

Kabla ya kuweka mawe ya saruji, yale ambayo kwetu kila mtu huita borne, jeometre aliomba makala. Alisema jiwe linaweza kuhamishwa na mtu mwenye tamaa, lakini makala hayaozi na mchwa hawayali. Ukiyazika chini ya jiwe, hata jiwe likiondoka, atakayechimba miaka hamsini baadaye ataona weusi kwenye udongo na kujua jiwe lilikuwa hapo. Ofisini waliyaita mashahidi.

Mtu akaenda kununua makala sokoni. Hapo ndipo Koko, mama yake Papa, alipoinuka kwenye mkeka wake. Koko alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, aliyezaliwa katika milima ya Djugu, na alikuwa na maneno yake kuhusu kila kitu kinachoingia ardhini.

"Makala ya soko haijui mutu," alisema. "Itoke mu mafiga yetu na mu mafiga ya huyu mama. Ichanganywe."

Jeometre akamwambia kwa heshima kwamba makala yote ni mamoja.

"Kama iko mamoja," Koko akasema, "basi weka yetu."

Jeometre akacheka na kumwachia. Mama akaleta makala kutoka jikoni kwetu, Mama Neema akaleta yake, Koko akayachanganya ndani ya karai kwa mikono miwili mpaka hakuna aliyeweza kujua ya nani ni yapi. Akavunja chungu chake cha zamani chenye mistari shingoni, akatia vigae. Kisha akawaambia Mama na Mama Neema wamimine pamoja, kila mmoja ameshika ukingo wa karai. Kwao, alisema, moto wa nyumba mbili ukilala shimo moja, hizo nyumba zimeapa.

Kisha akatutazama sisi watoto, si wakubwa.

"Mwenye atachimba atoshe hii makala, moto ya nyumba yake itazimika. Na mupaka, kwa vile haina tena kwenye inalala, itaingia mu nyumba yake ilale mule."

"Koko," Mama Neema akauliza, "na kama ni kuku yangu ndiyo ilichimbua?"

"Kuku yako ni mwizi tangu zamani. Itaanzia kwake."

Wote wakacheka, jeometre naye. Mimi sikucheka. Nilikuwa najaribu kufikiria mpaka ukiwa umelala ndani ya nyumba, ungekaa upande gani wa kitanda, na kama ungekuwa na macho.

Miaka michache baadaye vita vikatufikia. Sitavieleza vyote, waliokuwepo wanavijua na wasiokuwepo wana bahati. Mji ulibadilisha mikono mara nyingi, na kila ulipobadilika, watu wa kabila moja waliondoka na wa kabila jingine wakarudi. Mama Neema hakuwa wa kabila letu. Kabla ya hapo nilikuwa sijui kama hilo ni jambo la kujua.

Aliondoka asubuhi, mtoto wa mwisho mgongoni, Neema na mdogo wake wamebeba sufuria. Alipitia kwetu. Hakulia na Mama hakulia. Alimpa Papa ufunguo wa nyumba, ingawa sote tulijua ufunguo huo hautazuia mtu.

"Papa Bahati, sina cheti mu mukono, iliungua kwa shemeji. Niko na mawe yako tu."

"Mawe iko pale," Papa alimjibu. "Na chini yake unajua kuko nini. Utakuta parcelle yako."

Siku tatu baadaye Papa naye aliondoka. Wanaume walikuwa wakitafutwa nyumba kwa nyumba, na mwanamume aliyepatikana hakuulizwa maswali mengi. Aliteremka na wenzake kuelekea Kasenyi, kwenye ziwa. Sisi tulibaki kwa sababu Koko hakuweza kutembea mbali, na kwa sababu mdogo wangu Lucie, aliyekuwa na miezi saba, alikuwa ameanza kuharisha.

Nyumba ya Mama Neema ilivunjwa kabla ya mwisho wa wiki. Walichukua mabati, kisha mbao, kisha milango.

Sisi tulikaa ndani. Milio ya risasi ilikuja na kuondoka, lakini kilichotumaliza ni kukosa kuni. Makala ya Bunia hutoka vijijini, na barabara za vijijini zilikuwa zimefungwa. Hakuna aliyethubutu kwenda kukata mti. Mama alichoma viti, akachoma kitanda changu, akachoma mchi. Maji tuliyoteka kwenye kijito hatukutaka kuuliza yalipitia wapi. Muuguzi aliyeishi nyuma yetu alimpa Mama chumvi na sukari ndani ya karatasi, akamwambia ampe mtoto maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, lakini maji yachemke kwanza, yachemke kweli. Bila moto, alisema, usimpe. Utakuwa unamwongezea ugonjwa.

Tulipochoma mlango wa jiko hapakubaki kitu. Lucie alikuwa ameacha kulia. Mtu ambaye hajawahi kukaa na mtoto mchanga mgonjwa hudhani kilio ndicho kibaya. Mama alikuwa anamlowesha midomo kwa kidole na kumtazama, na mimi nilikuwa namtazama Mama, na nikakumbuka karai.

Nilikuwa na miaka kumi. Ilikuwa mchana, mvua inanyesha ile ya kwetu inayofanya usione hata mti ulio mbele yako, na kwa sababu ya mvua hakukuwa na mtu nje, hata wenye bunduki. Nilichukua jembe dogo la Koko nikaenda kwenye jiwe la nyuma. Nilichimba ubavuni. Udongo ulikuwa laini kama ugali. Nilipofika chini ya jiwe nikaingiza mkono, na makala yakawa pale pale tulipoyaacha, meusi, magumu. Niliyatoa moja moja nikayaweka kwenye nguo yangu. Jiwe likainama ndani ya shimo. Nilijaribu kulisimamisha, likakataa. Nikalisukumia matope.

Nilimwambia Mama nimeyaokota kwenye magofu ya jiko la Mama Neema. Hakuuliza. Alikuwa amekwisha kunyoosha mkono.

Koko ndiye aliyewasha. Aliketi mbele ya mbabula, jiko letu dogo la chuma, akayapanga makala kwa vidole, na kati yake akakuta kigae. Nilikuwa sikukiona. Kilikuwa na mistari. Koko alikifuta masizi kwa gumba lake, polepole, kisha akanitazama nikiwa nimesimama mlangoni, matope mpaka viwikoni. Nilingoja aseme. Alikifunga kile kigae kwenye pembe ya kitenge chake, akainama akapuliza moto.

Siku ya pili mvua ilinyesha tena, na nikaenda kwenye jiwe la barabarani.

Makala yale yalichemsha maji siku nne. Siku ya tano Lucie alilia, kilio kibaya cha njaa na hasira, na Mama akakaa chini akafunika uso wake kwa mikono.

Jioni hiyo Koko aliniita kwenye mkeka wake. Alikuwa anakohoa tangu wiki ya kwanza, na sasa alikohoa akiwa ameshika ubavu.

"Bahati. Siku bataulizia, sema ni mimi Koko nilichimba. Unasikia? Moto nilipuliza mimi."

Nikasema ndiyo. Nikamuuliza kama mpaka utakuja kweli. Ningependa kuandika kwamba alicheka akaniambia yalikuwa maneno ya kuwatisha watoto. Hakusema hivyo. Alisema, "Kama inakuja, itanikuta mimi mbele." Tangu siku hiyo alihamisha mkeka wake akaulaza kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, akilala kwa ubavu, na mtu aliyetaka kutoka alipaswa kumruka.

Alikufa pale kizingitini, wiki tatu baadaye. Sasa najua kifua chake kilikuwa kibovu, sakafu ilikuwa baridi, na hakukuwa na dawa. Wakati ule nilijua jambo moja tu: mpaka ulikuja, ukamkuta. Tulipomwosha, Mama alikuta fundo kwenye pembe ya kitenge. Alilifungua, akatazama kigae, akanitazama mimi, akalifunga tena. Tulimzika nyuma ya nyumba kwa sababu njia ya makaburini haikupitika, na kigae chake akaenda nacho. Hivyo Mama naye alijua. Hatukuwahi kulitaja jambo hilo, mimi na yeye, hata mara moja.

Papa alirudi baada ya miezi miwili, amekonda, anatembea kwa fimbo. Alilia kwenye kaburi la mama yake, kisha, kwa vile ndivyo alivyokuwa, akaenda kutazama mawe. Hayakuwepo. Wapiganaji waliopiga kambi kwenye parcelle ya Mama Neema walikuwa wameyang'oa wakayafanya mafiga. Nilikuwa nimekwisha kuyalegeza, hayakuwapa shida. Papa aliyakuta yamepasuka kwa moto.

"Haizuru," alimwambia Mama. "Mashahidi iko chini. Mama Neema akirudi tutachimba."

Nilikuwa nachambua mboga. Niliendelea kuchambua mboga.

Alijenga upya jiko lililobomoka vitani, jiko la kuta za udongo, kubwa kuliko la kwanza. Alipima kwa hatua zake, akajiwekea nafasi kutoka mahali alipokumbuka mstari unapita, akanyoosha kamba, akajenga. Aliamini macho yake. Miaka mingi macho yake ndiyo yaliyoaminiwa na mji mzima.

Mama Neema alirudi mji ulipotulia kidogo, zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Alirudi na Neema tu. Wale watoto wawili wengine hakuwataja, na hatukuuliza. Hakucheka tena ile sauti ya barabarani. Alisimama kwenye nyasi za parcelle yake, akatazama jiko letu jipya, kisha akaenda zake. Siku ya pili alikuja akasema, kwa upole, kwamba anaona jiko limeingia kwake. Papa akasema hapana. Mama Neema akaonyesha alipokumbuka yeye. Papa akaonyesha alipokumbuka yeye. Kati ya vidole vyao kulikuwa na hatua tatu. Baada ya vita vile, hatua tatu kati ya watu wa makabila mawili hazikuwa kitu kidogo. Watu walianza kusimama njiani kusikiliza.

Papa hakukasirika. Alikaribia kufurahi. Alikwenda mwenyewe kumwita jeometre mpya, kijana aliyetoka shule, na mkubwa wa mtaa, na akamwambia Mama Neema mbele ya wote, "Tutachimba. Makala haina kabila."

Walichimba asubuhi moja ya jua kali. Kwanza upande wa nyuma. Papa alionyesha mahali bila kusita, na mahali palikuwa penyewe. Nilipajua kuliko yeye. Koleo likaingia. Udongo mwekundu. Wakaingia zaidi. Udongo mwekundu. Papa akachukua koleo mwenyewe, akapanua shimo, akapiga magoti akapekua kwa mikono, na kila konzi aliyotoa aliichunguza kwenye kiganja chake kama mtu anayechagua mchele. Wakahamia upande wa barabara. Udongo mwekundu. Nadhani kulikuwa na chembe kidogo za weusi, kwa sababu mtoto hawezi kutoa zote, lakini mvua za mwaka mzima zilikuwa zimepita, na moto wa kambi ulikuwa umeacha masizi kila mahali. Jeometre akasema masizi si ushahidi.

Hapo Mama Neema akasema, si kwa kelele:

"Papa Bahati, ni wakubwa wangapi mu hizi nyumba mbili walijua kulikuwa makala hapa?"

Papa aliendelea kupekua udongo.

"Weye, mke yako, mama yako na mimi. Mimi nilikuwa nakimbia mu pori. Mama yako iko mu kaburi. Nani alichimba?"

"Mama Neema, sikuchimba."

"Ulitosha mashahidi, ukajenga jiko yako. Na mimi nilikuachia ufunguo."

Mtu nyuma yangu akatema mate. Mwingine akasema, kumbe hata huyu wa mnyororo. Papa alikuwa bado amepiga magoti, mikono myekundu mpaka viwikoni, kama ile yangu siku ile. Alitazama watu mmoja mmoja, akitafuta mtu wa kusema kwamba anamjua. Macho yake yalipita kwangu. Yalipita tu, hakudhani kwamba mtoto wa miaka kumi na miwili angekuwa na la kusema.

Nilikuwa na la kusema. Nilikuwa hata nimepewa maneno: ni Koko alichimba. Au ningesema kweli: ni mimi, Lucie alikuwa anakufa. Wote pale wangeelewa. Lakini Lucie alikuwa amesimama ameshika sketi yangu, ana miaka miwili, tumbo nje, ananyonya kidole. Nilifikiri hivi, na nilifikiri kwa nguvu zangu zote: mpaka umemchukua Koko ukadhani ni yeye. Nikisema ni kwa ajili ya nani yale makala yaliwaka, utajua umekosea, utamrudia huyu aliyekunywa maji. Nikafunga mdomo. Mama, upande wa pili wa shimo, alinitazama, akamtazama Lucie, naye akafunga wake. Sijui yeye aliogopa nini. Labda kitu hicho hicho. Labda aliogopa nitapigwa.

Jeometre kijana alisema karatasi za kipimo cha kwanza zilipotea vitani, na bila mashahidi na bila cheti anachoweza kufanya ni kimoja. Alichukua alama ya Papa na alama ya Mama Neema akagawanya katikati. Wakavuta mnyororo. Mtu mwingine ndiye aliyeshika ncha. Mstari ulitoka barabarani, ukapita kwenye mchicha, ukafika kwenye jiko letu, na kwa kuwa mnyororo hauwezi kupinda, walitoboa tundu kwenye ukuta wa udongo wakaupitisha ndani. Niliingia kutazama. Ulikuwa umelala sakafuni, umekaza, juu ya majivu, katikati ya mafiga. Mama alikuwa amekwisha kumwaga maji kwenye moto ili mnyororo wa serikali usiungue.

Hivyo ndivyo maneno ya Koko yalivyotimia, neno kwa neno, mbele ya mkubwa wa mtaa.

Papa alibomoa jiko siku hiyo hiyo. Ofisi ya ardhi haikumfukuza. Iliacha tu kumwita. Hakuna mtu aliyekwenda tena kusema mnyororo ashike Papa Bahati. Aliteremka Kasenyi kupakua mizigo kwenye mitumbwi inayotoka Uganda, akawa anarudi mara moja kwa mwezi, kisha mara moja kwa miezi mitatu. Alikuwa anakuja na samaki, anakaa kwenye kiti akitazama ule mstari, anaondoka. Sikuwahi kumwambia. Nilipofika darasa la nne sekondari nilikuwa siamini tena kwamba mpaka unaweza kuua mtoto, lakini kufikia hapo ukimya wenyewe ulikuwa na miaka mitano na sikujua pa kuushikia. Alikufa kwa homa huko huko ziwani, wakaleta maiti kwa lori la samaki.

Mama Neema alikuja matangani. Aliketi nasi kwenye mikeka siku mbili, akapika, akaosha vyombo. Siku ya pili nilimfuata nyuma ya nyumba, nikamwambia yote, haraka haraka, kama mtu anayetapika. Jembe, mvua, Lucie, kigae.

Aliendelea kusugua sufuria kwa majivu.

"Ile mwaka," akasema, "kule tulikimbilia, nilichoma mabenchi ya kanisa. Nilichoma msalaba pia, muti yake ilikuwa kavu. Na wangu walikufa. Wewe wako alipona. Sikukasirikii makala."

Nikaanza kumshukuru. Akanikatiza.

"Lakini nilimwita baba yako mwizi mbele ya bantu, na weye ulikuwa unasimama pale. Ulinifanya nimuzike mutu akingali muzima, na matope yangu. Hiyo sijui tutaifanya nini, mwanangu."

Mpaka leo hatujui tufanye nini. Tunasalimiana sokoni. Huniongezea samaki.

Lucie ana watoto wawili sasa, mnene, mwenye kelele, anadai nilimpenda kidogo kuliko wengine. Hajui lolote. Nikimtazama sijuti yale makala hata dakika moja, na ningeyachimba tena leo kwa mikono mitupu. Kwa hiyo sikuvunja kiapo kwa kuchimba. Hata Koko aliyekitia ardhini alipuliza moto. Nadhani tungemfuata Mama Neema siku aliyorudi, tukamwambia tulikula shahidi wako, angeketi na Papa wakapanga upya, na jiko lingekuwa limesimama hadi leo. Papa angekuwa na mnyororo wake. Niliuogopa mpaka, kumbe aliyestahili kuogopwa ni mimi mwenyewe, mwenye mdomo uliofungwa.

Mwaka jana mume wangu na mimi tulipata parcelle ndogo njia ya Kasenyi. Jeometre alikuja, na chombo chake sasa hakina mnyororo, kinapima kwa mwanga. Lakini bado aliomba makala. Nilimwita mama wa upande wa pili alete yake kutoka jikoni kwake, tukachanganya, tukamimina pamoja. Alinishangaa kidogo. Kisha nikawaita wanangu wote watano wasimame kwenye shimo, waone.

Nikawaambia, hii hapa ni makala. Siku moto ukikosekana na mtu anakufa, chimbeni, pikeni. Lakini siku hiyo hiyo, kabla hamjanawa mikono, mje muniambie.

Binti yangu mkubwa akauliza, "Na mupaka, Mama?"

"Mupaka tutapima tena," nikamwambia, na jeometre akaweka jiwe.